Rabi Oppenheim: Aliyekusanya hazina ya vitabu akaishi mbali nayo

Na Mwandishi Wetu

WASOMI wa Kiebrania wanaofika katika Maktaba ya Bodleian ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, hawawezi kulikwepa jina la David Oppenheim. Vitabu alivyovikusanya rabi huyo ni nguzo ya hazina ya Kiebrania ya maktaba hiyo, ingawa yeye mwenyewe aliishi miaka mingi akiwa mbali navyo.

Oppenheim alizaliwa mwaka 1664 mjini Worms, Ujerumani, katika ukoo wa Kiyahudi uliojaliwa elimu na mali. Ami yake, Samuel Oppenheimer wa Vienna, ndiye aliyegharamia vita vya mfalme wa Austria. Naye David alioa binti wa Leffmann Behrens, tajiri aliyehudumia ikulu ya Hanover.

Utajiri huo ulimwezesha kutimiza shauku yake ya vitabu tangu ujanani. Orodha aliyoiandika mwaka 1688, akiwa na umri wa miaka ipatayo 24, ilikuwa na vitabu 480.

Baadaye alikuwa rabi wa Nikolsburg, Moravia, na mwaka 1702 akateuliwa kuwa rabi wa Prague, mji uliokuwa na mojawapo ya jumuiya kubwa za Wayahudi barani Ulaya.

Cheo hicho kilimfungulia milango zaidi. Watunzi walimwendea kuomba idhini yake ili ichapwe mwanzoni mwa vitabu vyao, na wachapaji walimtengenezea nakala maalumu, nyingine kwenye karatasi ya buluu na nyingine kwenye ngozi laini.

Hata hivyo, Oppenheim hakuchagua vya fahari pekee. Alikusanya pia vijitabu vya bei ndogo vya Kiyidishi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa Ulaya: hadithi, nyimbo na mambo mengine ambayo watu wa kawaida walisoma na kutupa.

Lakini Prague haikuwa mahali salama kwa mali hiyo. Wakaguzi wa Kanisa, wakiwamo mapadri Wajesuti, walikuwa na mamlaka ya kupekua na kutwaa vitabu vya Kiebrania. Kwa hofu hiyo, rabi aliamua maktaba yake ihifadhiwe Hanover, kwa mkwewe, mamia ya kilomita kutoka alipofanyia kazi.

Hivyo, mwenye mojawapo ya maktaba kubwa kabisa za Kiebrania za wakati wake hakuweza kunyoosha mkono na kuchukua kitabu chake rafuni. Alifariki dunia Prague mwaka 1736 na kuzikwa huko.

Mwanawe Joseph alirithi vitabu hivyo, kisha vikapita katika mikono ya ndugu hadi vikafika Hamburg, ambako vilifungiwa kwenye makasha 28. Mwanafalsafa Moses Mendelssohn aliwahi kukadiria thamani yake kuwa kati ya thaler 50,000 na 60,000, fedha ya Ujerumani ya wakati huo, lakini mnunuzi wa bei hiyo hakupatikana.

Mwaka 1829, Bodleian ilivinunua vyote kwa thaler 9,000 tu. Vilikuwa miswada ipatayo 780 na vitabu vilivyochapwa zaidi ya 4,000.

Ujerumani ikapoteza hazina hiyo kwa bei ya kutupa. Hata hivyo, mauzo hayo yaliepusha jambo baya zaidi, yaani kuuzwa kimoja kimoja na kutawanyika. Mwaka 1842 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Hamburg, mji ambao makasha hayo yalikuwa yameuaga miaka 13 tu kabla.

Huko Oxford, msomi Moritz Steinschneider alivitumia vitabu hivyo katika kuandaa orodha yake kubwa ya vitabu vya Kiebrania, iliyotolewa kati ya mwaka 1852 na 1860 na kuwa msingi wa taaluma hiyo.

Na vile vijitabu vya bei ndogo? Baadhi yake ndizo nakala pekee zinazojulikana duniani. Zingine zote zilisomwa zikachakaa, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuzitunza isipokuwa rabi wa Prague.