Sheikh Al-Amin na Nukta za Harufi

Msomaji wangu, tangu Mfungo Sita nimekuwa nikihangaika na jambo dogo. Nina tenzi zangu kadhaa nilizoziandika kwa harufi za Kiarabu, kama tulivyofunzwa chuoni hapa Msambweni, na nilitaka kuzitia katika simu nisije nikafa zikaliwa na mchwa. Simu ikanigomea. Harufi za Kiarabu inazo, lakini p sikuiona, wala ch, wala v. Nikiandika mpwa, yasomeka mbwa.

Nikachukua matatu hadi Ukunda, kwa mpwa wangu hasa, mwana wa dada yangu, mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na njia ya kuteremkia Diani. Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kumbe ukiibonyeza ba ukaishikilia, p hutokea chini yake. Jim hutoa ch, na fa hutoa v. Nikamwambia kwamba hilo alilonionyesha kwa dakika mbili lilimshughulisha mwanachuoni mkubwa wa Mombasa alipokuwa hai. Alimjua kwa jina tu. Nikamwahidi kumweleza, na ahadi ni deni.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, naye alikuwa mwanachuoni, akafariki 1894, mtoto hajawa na umri wa kushika msahafu. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akavuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Kwa ilimu ya zama zile, hapakuwa na mlango mkubwa kuliko huo.

Sisi wa kusini tukisikia Mazrui huikumbuka Gazi kwanza. Mombasa ilipotwaliwa na Seyyid Said mwaka 1837, baadhi yao walihamia huku, na Gazi ndiko alikotawala Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza 1895 hadi 1896 akaishia kukimbilia upande wa Wajerumani. Sheikh Al-Amin alikuwa kitoto cha miaka mitano vita vile vilipokwisha. Alipopata akili, bunduki za ukoo wake zilikuwa hazina kazi tena. Baadaye aliandika tarehe ya Mazrui kwa Kiarabu, na kitabu hicho kilitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, miaka mingi baada ya mwenyewe kuzikwa.

Lakini si tarehe iliyonifanya nimwandike leo. Sheikh alikuwa akisoma jarida la Al-Manar la Rashid Rida, lililotoka Misri, akaona jinsi karatasi inavyoweza kuingia nyumba ambayo sheikh hatoingia. Darsa ya msikitini huwafikia waliokuja msikitini. Kitabu cha kunakiliwa kwa mkono, nami nimenakili tenzi najua taabu yake, humaliza wino na macho ya mtu mmoja ili kisomwe na watu wawili. Basi mwaka 1930 akatoa gazeti dogo la Kiswahili aliloliita Sahifa, na 1932 akatoa Al-Islah. Hayakudumu miaka mingi. Lakini mwanachuoni kushika kazi ya mwenye gazeti, ya kutoa toleo leo na kufikiria la kesho, lilikuwa jambo geni katika pwani yetu.

Na hapo ndipo penye nukta. Kiswahili chetu kilikuwa kimeandikwa kwa harufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, lakini kanzu ilikuwa ya kuazima. P iliandikwa kwa ba, v kwa fa, na irabu tano zilibanwa katika alama tatu, hata e na i zikawa kitu kimoja, o na u vivyo hivyo. Msomaji wa utenzi alisaidiwa na mizani na vina. Msomaji wa gazeti hana wa kumsaidia. Sheikh akakaa akatengeneza: akatumia nukta za ziada kwa sauti ambazo Mwarabu hana, na alama za kutenganisha irabu. Ni kazi ya fundi hiyo, ya kuchungua kitu kidogo mpaka kikubali.

Wala hakukwama kwenye harufi hizo. Makala zake zilipokusanywa mwaka 1944 kuwa kitabu cha Uwongozi, zilitolewa kwa harufi za Kizungu, ambazo watoto wa skuli walikuwa wakizisoma. Humo huwalaumu Waislamu walioiga nguo na ulevi wa Wazungu, wakaacha ilimu na bidii ya kazi. Wako waliompinga katika mengine, hasa aliposema juu ya bidaa, na huku kwetu wapo mpaka leo. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, Mola amrehemu.

Nilipomaliza kumsimulia, mpwa wangu alikuwa amefungua simu ya mama mmoja muuza samaki, iliyoingia maji ya chumvi, akiisugua kwa mswaki mdogo chini ya taa. Mimi ni mmoja wa waliomshauri mwaka juzi akifunge kibanda atafute kazi ya ofisini. Akaunganisha waya, kioo kikawaka, akatabasamu peke yake kama mtu aliyepata kina kilichompotea. Hakunitazama.

Alama za e na o bado hatujazipata. Asema lazima zimo mahali humo ndani, na kwamba atazitafuta usiku, wateja wakipungua. Ijumaa baada ya sala nitakwenda tena Ukunda.