Daktari Hepburn na Neno "Kuvaa"

Sisi tunaojifunza lugha za kigeni yatupasa kumjua Daktari James Curtis Hepburn. Alizaliwa Milton, Pennsylvania, Marekani, mwaka 1815, akahitimu udaktari mwaka 1836. Baada ya kufanya kazi Singapore, Uchina na New York, alifika Japani mwaka 1859 pamoja na mkewe Clara, akiwa mmisionari.

Huko Kanagawa, na baadaye Yokohama, aliwatibu watu bila malipo. Lakini daktari asiyeelewa maneno ya mgonjwa atamtibu vipi? Basi akaanza kukusanya maneno, akiwasikiliza watu na kusoma vitabu vyao.

Nitaeleza ugumu wa kazi hiyo kwa mfano mmoja. Mwingereza ana neno "wear", nasi tuna kuvaa: kanzu, viatu, kofia, pete na miwani, vyote twavivaa. Mjapani hutenganisha. Nguo ya kiwiliwili, kama shati, husema kiru, viatu na suruali, haku, kofia, kaburu, pete, hameru, miwani, kakeru. Si ubishi wa bure, maana kaburu ni kujifunika kichwani, hameru ni kupachika, na kakeru ni kutundika. Mgeni akisema kiru kwa kofia yake, wenyeji watacheka. Kwa hiyo mtunga kamusi hawezi kuandika neno moja mbele ya neno moja akalala. Sharti aulize kwanza: kitu gani, na kinakaa wapi mwilini?

Kwa maswali ya namna hiyo Hepburn alihitaji mwenyeji. Kishida Ginko alimjia akiugua macho. Akatibiwa, kisha akawa msaidizi wake katika kamusi. Wakasafiri pamoja hadi Shanghai kuipiga chapa, na mwaka 1867 ikatoka, ikiwa na maneno ya Kijapani zaidi ya 20,000.

Hepburn hakuridhika. Aliitengeneza tena mwaka 1872, na tena mwaka 1886. Namna ya kuandika Kijapani kwa herufi za Kirumi iliyomo katika chapa hiyo ya tatu yaitwa kwa jina lake hata leo. Alirudi kwao mwaka 1892, akafariki mwaka 1911, mwenye umri wa miaka 96.

Wanafunzi wenzangu, tukifungua kamusi tusinyakue neno la kwanza. Tusome mpaka mwisho, kisha tumwulize mwenye lugha.