MCHUNGAJI GUDINA TUMSA (1929–1979): MCHUNGAJI ASIYELIACHA KUNDI

Kuzaliwa na Wito

Mchungaji Gudina Tumsa alizaliwa mwaka 1929 huko Boji, katika jimbo la Wallaga, magharibi mwa Ethiopia, miongoni mwa watu wa kabila la Oromo. Alifiwa na wazazi wake angali kijana mdogo. Alilelewa na kuelimishwa na misheni ya Waswidi mjini Nekemte, na huko akafanya kazi ya udresa hospitalini kabla ya kuitikia wito wa kuhubiri. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1958. Tarehe 21 Januari 1959 Walutheri wa Ethiopia waliunda Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus, jina lenye maana ya Mahali pa Yesu. Baada ya kusoma theolojia nchini Marekani, Mchungaji Gudina alichaguliwa mwaka 1966 kuwa Katibu Mkuu wa Kanisa hilo, akautumikia wadhifa huo hadi kufa kwake.

Mwaka 1972 Kanisa lake liliyaandikia makanisa wafadhili kupitia Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Wafadhili walikuwa tayari kugharimia visima na shule, lakini walisita kugharimia uinjilisti. Mchungaji Gudina na wenzake walisisitiza kwamba mwanadamu ni mmoja, mwili na roho, wala Injili haiwezi kumgawanya.

Mapinduzi

Mwezi Septemba 1974 wanajeshi walimpindua Mfalme Haile Selassie, na nchi ikawa chini ya kamati ya kijeshi iliyojulikana kama Derg. Mwezi Machi 1975 ardhi yote ya vijijini ilitangazwa kuwa mali ya umma. Waumini wengi wa Mekane Yesus walikuwa wakulima waliolima mashamba ya makabaila na kuwatolea sehemu kubwa ya mavuno yao. Mchungaji Gudina aliipokea hatua hiyo, kwa maana aliona kuwa haki kwa maskini ni neno la Injili pia. Ni vema jambo hili likumbukwe, kwa sababu mtu aliyeuawa na utawala huo hakuwa mtetezi wa ukabaila.

Mwezi Februari 1977 Mengistu Haile Mariam alijitwalia mamlaka yote. Utawala wake haukuanza kwa kufunga kila kanisa, bali ulianza kwa kulinyang'anya Kanisa sauti na wakati wake. Tarehe 12 Machi 1977 serikali ilitaifisha kituo cha redio cha Walutheri mjini Addis Ababa, ambacho kilirusha pia vipindi vya Kiswahili vilivyotayarishwa Moshi. Mikutano ya mitaa iliitishwa asubuhi za Jumapili, saa za ibada. Vijana walifundishwa kwamba hakuna Mungu. Patriarki Tewoflos wa Kanisa la Orthodoksi aliondolewa kitini mwaka 1976, na mwaka 1979 akauawa. Mchungaji Gudina alitambua kwamba kila kanisa likisimama peke yake litavunjwa peke yake. Kwa hiyo aliongoza juhudi za kuunda baraza la ushirikiano lililowaunganisha Waorthodoksi, Wakatoliki na Waprotestanti.

Kukamatwa na Kufa

Alikamatwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 1978, na mara ya pili mwezi Juni 1979. Mara zote mbili aliachiliwa. Rafiki zake walimsihi aondoke nchini, na Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa Tanzania, alimwandalia njia ya kutoka salama. Mchungaji Gudina alishukuru, lakini akakataa. Alijibu kwamba waumini wake hawakuwa na pa kukimbilia, na mchungaji hawezi kuliacha kundi wakati wa kujaribiwa.

Tarehe 28 Julai 1979, alipotoka kuhudumu katika usharika wa Urael mjini Addis Ababa, watu wenye silaha walimteka pamoja na mkewe, Tsehay Tolessa. Mama Tsehay aliachwa nje ya mji. Mchungaji Gudina aliuawa usiku uleule, naye alikuwa na umri wa miaka 50. Serikali haikukiri kitendo hicho.

Mwezi Februari 1980 mjane wake naye alikamatwa, akateswa, na kufungwa karibu miaka 10 bila kuhukumiwa. Mamia ya makanisa ya Wallaga yalifungwa, na waumini wakakusanyika kwa siri majumbani.

Baada ya Giza

Mengistu aliikimbia nchi mwezi Mei 1991. Baada ya hapo mabaki ya Mchungaji Gudina yalipatikana, na tarehe 27 Juni 1992 Kanisa lilimzika kwa heshima. Leo Mekane Yesus ina waumini zaidi ya milioni 10, nayo ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, unawaagiza waumini wawakumbuke viongozi wao, wautazame mwisho wa mwenendo wao na kuiiga imani yao. Mchungaji Gudina aliitii serikali katika yaliyo haki, na akaikatalia pale ilipodai utii ulio wa Kristo peke yake. Bwana alijalie Kanisa lake wachungaji wa namna hiyo, hasa siku zilizo ngumu.