Jina la Mtunzi Lisizikwe Pamoja Naye

Nina desturi ya kutembea kando ya Mto Tana kila alfajiri ya Jumapili, kabla jua la Garissa halijaonyesha ukali wake. Saa hizo maji huteremka taratibu kuelekea baharini, mikoche husimama kimya, na sauti pekee inayosikika ni ya mbuzi wanaoletwa kunywa. Simu yangu huiacha nyumbani. Nimegundua, baada ya miaka mingi ya kufundisha isimu, kwamba sentensi chache nilizowahi kuandika na zisinitie haya zilinijia hapo mtoni, wala si ofisini mbele ya kompyuta.

Sielezi haya kwa kujisifu, msomaji mpendwa. Nayaeleza kwa sababu matembezi hayo ndiyo yaliyonirudisha kwa mtu aliyefariki dunia zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambaye mashairi yake wapo wazee wa Kaskazini Mashariki wanaoyaghani hata leo. Mtu huyo ni Sayyid Mohamed Abdulle Hassan. Waingereza, walioshindwa kumnyamazisha kwa muda wa miaka ishirini, walimpa lakabu ya Mullah Mwendawazimu, na kwa bahati mbaya lakabu hiyo ndiyo waliyoisikia wengi waliosoma historia katika shule zetu. Vita vyake vimeandikwa sana. Leo nataka kumtazama kwa jicho la mwanaisimu, kama fundi wa maneno, kisha niungame kosa langu mwenyewe.

Alizaliwa katikati ya karne ya kumi na tisa miongoni mwa wafugaji wa kaskazini mwa nchi ya Wasomali. Wapo wanaotaja mwaka wa 1856, na wapo wanaotaja 1864. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Dhulbahante, na baba yake wa ukoo wa Ogaden, ukoo ambao ndio wenye watu wengi zaidi hapa Garissa. Ndiyo sababu jina lake si geni katika maboma yetu, ingawa mashairi yake yalifika huku ilhali mwenyewe hakufika. Alihifadhi Kurani akiwa bado mdogo, akasafiri kutafuta elimu, akahiji Makka, na huko akawa mfuasi wa Sheikh Muhammad Salih, mwasisi wa tarika ya Salihiya. Aliporejea Berbera mnamo 1895 alikuta bandari iliyo mikononi mwa Waingereza, na kufikia 1899 alikuwa amewakusanya wafuasi wake, Madarwishi, na kutangaza jihadi.

Hapa ndipo mwanaisimu anapotega sikio. Sayyid alikuwa msomi aliyejua kuandika; barua zake kwa wakubwa wa Kiingereza ziliandikwa kwa Kiarabu fasaha. Lakini alipotaka kuzungumza na watu wake mwenyewe, kuwatia moyo, kuwatisha, kuwakejeli maadui au kumsifu farasi wake, aliiweka kalamu chini akatunga gabay, yaani shairi refu zito la Kisomali, kwa kinywa chake. Wakati huo Kisomali hakikuwa na hati rasmi. Hati hiyo haikuja hadi Oktoba 1972. Basi mtu huyu aliendesha vita na siasa zake miongoni mwa watu wake, kwa sehemu kubwa, kwa maneno yasiyoandikwa.

Tusidhani kwamba utungaji huo ulikuwa kazi nyepesi. Mshairi wa Kiswahili hufunga vina mwishoni mwa kipande. Mwenzake Msomali hufunga mwanzoni mwa neno. Akichagua sauti ya d, lazima d isikike katika kila mshororo tangu wa kwanza hadi wa mwisho, hata shairi likiwa na mishororo mia. Juu ya hayo ipo mizani inayohesabu urefu wa irabu, ambayo watunzi waliifuata kwa karne nyingi bila ya mtu yeyote kuiandika. Ilikuwa mwaka wa 1976 ndipo mshairi Mohamed Hashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alipoanza kuieleza kanuni hiyo katika gazeti la Mogadishu. Fikiria, msomaji: wachungaji wasiojua kusoma wala kuandika walikuwa wakiishika sheria ambayo maprofesa hawakuwa wameitambua!

Kazi ya namna hiyo haifanyiki penye zogo. Mfugaji hutunga akiwa nyuma ya ngamia, katika safari za usiku kutoka kisima hadi kisima, peke yake na nyota. Huliviringisha neno kinywani, akalitupa, akalichukua jingine, hata shairi likakamilika ndipo alitoe mbele za watu. Ule utulivu wa nyika, ambao mgeni kutoka Nairobi huuona kuwa ni ukiwa, ndio karakana yake.

Shairi likishatungwa lilihitaji mchukuzi. Sayyid alikuwa na mahafidhi, watu ambao kazi yao ilikuwa kulisikiliza shairi, kulishika kichwani na kulipeleka kambi hadi kambi. Mkuu wao alikuwa Huseen Dhiqle, ambaye naye alikuwa mtunzi kwa haki yake. Na mahafidhi walifungwa na sharti moja ambalo hadi leo wazee wa Kisomali hulishika: mwenye kughani shairi la mwenziwe sharti amtaje mtunzi kabla ya kuanza, wala asiongeze wala asipunguze neno kwa kusudi. Kughani shairi la mtu bila ya kumtaja ni wizi. Sisi wa vyuo vikuu tuna kanuni ndefu za hakimiliki. Wao walikuwa na sentensi moja, nayo ilitosha.

Hebu tuutazame uwezo wa mpango huo. Mnamo tarehe 9 Agosti 1913, Madarwishi walikishinda kikosi cha ngamia cha Waingereza mahali paitwapo Dul Madoba, na kamanda wake, Richard Corfield, akauawa. Sayyid alitunga shairi linalozungumza na maiti ya Corfield, likimtuma kama tarishi apeleke habari za kifo chake mwenyewe huko ahera. Taarifa za kijeshi za siku hiyo zimelala katika maktaba za London. Shairi lilibaki vinywani mwa watu.

Hata hivyo, haki haitimii tukimsifu mtu kwa upande mmoja. Ulimi huohuo uliotunga mambo ya ajabu ulichochea maangamizi. Mfano ulio karibu nasi watu wa Kiswahili ni wa Sheikh Uways wa Barawa, mji ambao wenyeji wake huzungumza Chimiini, ndugu wa damu wa Kiswahili. Sheikh Uways aliieneza tarika ya Kadiriya hata Unguja, naye alikuwa mtunzi pia. Alitunga beti za kumlaani Sayyid na Usalihiya wake, na Sayyid naye hakuwa mtu wa kumeza tusi. Mnamo 1909 Madarwishi walimvamia Sheikh Uways huko Biyoley wakamuua. Miaka miwili au mitatu baadaye, vita na njaa viliwafikisha Wasomali wa kaskazini mahali pa kula visivyolika, na kipindi hicho kimepewa jina linalotokana na ulaji huo wa haramu. Maelfu walikufa, wengi wao kwa mikono ya Wasomali wenzao.

Kwa hiyo ukimya wa nyika una sura mbili. Upo ukimya wa mtu anayetafuta neno, na upo ukimya wa boma lililokwisha watu. Garissa inaijua sura hiyo ya pili. Tuliijua katika miaka ya sheria ya hali ya hatari, iliyoondolewa mnamo 1991, na tuliijua tena Aprili 2015, wanafunzi walipouawa katika chuo kikuu cha mji huu. Sayyid aliishi ndani ya ukimya wa kwanza, akaacha nyuma yake mwingi wa ule wa pili. Mahafidhi hawakumficha. Walihifadhi mashairi yake ya ukarimu pamoja na yale ya ukatili, na yote mawili yakabeba jina lake. Nadhani hiyo ndiyo faida kubwa ya kumtaja mtunzi: sifa humwendea, na lawama pia.

Mwisho wake ulikuja kutoka angani. Januari 1920 Waingereza walileta ndege za kivita, wakazipiga ngome zake kwa mabomu, na Februari ngome yake kuu ya Taleh ikaanguka. Alikimbilia nchi ya Ogaden na wafuasi wachache, na huko Imi, mwishoni mwa mwaka huohuo, homa kali ya mafua ikafanya kazi ambayo majeshi yalishindwa kuifanya kwa miaka ishirini. Ngome zake ni magofu. Lakini mwaka wa 1974, zaidi ya nusu karne baadaye, Sheikh Jama Umar Ise alichapisha diwani ya mashairi yake, mengi akiwa ameyapokea kutoka vinywani mwa wazee. Hata sisi tuna deni la namna hiyo. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, zingalipotea lau si Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia William Taylor kuzihifadhi, huku akimtaja mwenyewe aliyezitunga.

Sasa naja kwenye ungamo langu. Mimi si Msomali kwa kuzaliwa. Wazazi wangu walikuwa watumishi wa serikali waliohamishiwa Garissa, nami nilijifunza Kisomali vichochoroni pamoja na watoto wenzangu. Mwaka wa 2009, nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamifu, nilifika kwenye kisima kimoja kando ya barabara iendayo Modogashe. Mzee mmoja alinikaribisha kwa chai ya maziwa ya ngamia. Nilimwita adeer, kama inavyompasa mtu kumwita aliye wa rika la babaye, naye akakubali kunighania shairi alilolitunga mwenyewe juu ya ukame uliommalizia wanyama wake. Kabla ya kuanza alisema maneno mengi: jina lake, la baba yake, la babu yake, na mahali alipolitunga. Nilisubiri kwa adabu amalize utangulizi huo. Kisha nikawasha kinasa sauti.

Katika tasnifu yangu anaitwa Msemaji wa 7. Irabu zake nimezipima, sauti zake za mwanzo nimezichorea majedwali, nami nikapata shahada. Jina lake sikuliandika popote. Nilidhani maneno yale hayakuwa data.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliniletea simu yake nisikilize shairi alilotumiwa na rafiki yake, lililokuwa likizunguka katika simu za vijana wa mji. Sauti ilikuwa ya kijana nisiyemjua, lakini shairi lilikuwa lile la kisimani. Nilimwuliza limetungwa na nani.

“Halina mwenyewe, Mwalimu,” akanijibu. “Ni la simu tu.”

Nilinyamaza. Ningemlaumuje? Katika mji mzima, mtu aliyepaswa kuwa na jibu nilikuwa mimi.

Wapo wanaosema kwamba simu imeua fasihi ya vijana wetu. Mimi siafikiani nao. Kanda za kaseti zilieneza gabay katika miaka ya themanini, na simu inaeneza leo kwa kasi ambayo Huseen Dhiqle asingeiota. Vijana wa Garissa wanatunga, wanaandika, wanarekodi na kusambaza, na wengine wao wana vipawa vya kushangaza. Kinachopungua ni mambo mawili ambayo Sayyid na mahafidhi wake walikuwa nayo kwa wingi: muda wa kukaa peke yako na neno kabla ya kulitoa, na sentensi moja ya kumtaja mwenye neno. Yote mawili hayagharimu hata senti moja.

Nimerudi kwenye kile kisima mara mbili. Watu wamehamia kwingine, na walionipokea walikuwa wageni wa mahali pale kama mimi. Darasani nimeweka sheria mpya: hakuna shairi litakalojadiliwa kabla halijatajwa jina la aliyelitunga, na kinasa sauti huwashwa mzee anapoanza kusema, si anapoanza kughani. Ni kinga ya wale wajao. Kwa Msemaji wa 7 haijatibu lolote.

Kwa hiyo, msomaji wa Garissa, Modogashe au Wajir, ikiwa unalijua shairi la ukame linalofuata sauti ya g, lililotungwa na mzee aliyepoteza ngamia wake wote isipokuwa jike mmoja aliyekuwa kiwete, basi huenda pia unalijua jina lake. Naomba uliseme, pamoja na la baba yake na la babu yake, kama alivyolisema yeye mwenyewe siku ile mimi nikingoja amalize.