Chevalier d'Éon: Maisha Yaliyowekewa Dau

Charles d'Éon de Beaumont alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1728 mjini Tonnerre, Ufaransa, katika ukoo wa makabaila wa hadhi ya chini. Baada ya kusomea sheria mjini Paris, alitumwa katika ubalozi wa Ufaransa huko St Petersburg mwaka 1756, huku kwa siri akiwa jasusi wa Mfalme Louis wa Kumi na Tano. Alipigana katika Vita vya Miaka Saba akiwa kapteni wa askari wa farasi, na mwaka 1763 akatunukiwa Msalaba wa Saint-Louis. Kufikia hapo hapakuwa na aliyetilia shaka uume wake.

Mambo yaligeukia London. D'Éon aligombana na balozi wake, akachapisha barua za siri za ubalozi mwaka 1764, na akakataa katakata kurejea nyumbani. Mfalme, kwa kuhofia siri nyingine zisije zikafichuka, alimpa malipo ya livre 12,000 kwa mwaka. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1770, uvumi ulikuwa umeenea kwamba kapteni huyu ni mwanamke, na watu wa London wakaanza kuwekeana dau la fedha nyingi juu ya mwili wa mtu aliyekuwa hai na ambaye alikataa kabisa kukaguliwa.

Uvumi huo ulipata nguvu kutokana na jambo moja hasa. D'Éon hakuoa wala hakuolewa, wala hakujulikana kuwa na mpenzi yeyote. (Katika vitenzi hivyo viwili Kiswahili hulazimika kuchagua, ilhali mara nyingi kiambishi a- humsitiri d'Éon vizuri, na Kifaransa kilidai uamuzi katika vivumishi vingi.) Askari wa tabaka lake alitarajiwa kuwa na mahawara. Kwa kuwa hakuwa nao, jamii haikufikiri kwamba huenda mwanamume akaishi hivyo. Ilihitimisha kwamba si mwanamume. Alipokubaliwa kuwa mwanamke, useja uleule uliokuwa kasoro ukageuka kuwa fadhila, na watu wakamlinganisha na Joan wa Arc.

Mwaka 1775, Beaumarchais, mwandishi wa tamthilia, alitumwa kupatana naye: arudishe nyaraka za mfalme, naye atambuliwe kuwa mwanamke. D'Éon alikubali, akieleza kuwa alizaliwa msichana akalelewa kama mvulana kwa ajili ya urithi. Mwaka 1777 mahakama ya London, mbele ya Jaji Mkuu Lord Mansfield, iliamua kesi ya dau kwa kumhesabu kuwa mwanamke. Mwaka huohuo d'Éon alirejea Ufaransa akiwa amevaa sare zake za kijeshi, na serikali ikamwamuru avae gauni. Alipoomba kurudi vitani wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, alikataliwa, na mwaka 1779 akafungwa kwa muda katika ngome ya Dijon. Mtu yuleyule, mwenye nishani ileile kifuani, alikuwa amepoteza haki ya kushika upanga kwa ajili ya taifa lake.

Alirudi London mwaka 1785. Mapinduzi ya Ufaransa yalipomkatia malipo yake, aliishi kwa kufanya maonyesho ya mapambano ya upanga akiwa amevaa gauni jeusi, hadi alipojeruhiwa vibaya mwaka 1796. Alikuwa amekusanya vitabu vingi kuhusu wanawake mashuhuri, na katika maandishi yake ya uzeeni alijieleza kama mwanamke Mkristo. Ni vigumu kuamini kwamba haya yote yalikuwa kinyago tu cha kujipatia riziki.

D'Éon alifariki tarehe 21 Mei 1810. Madaktari waliouchunguza mwili wake walithibitisha kuwa ulikuwa na maumbile ya kiume. Mjane aliyekuwa ameishi naye nyumba moja kwa miaka mingi alipigwa na butwaa.