Marie Curie: Mwanamke Aliyefundisha Wengine Kazi ya Picha za Mionzi



Kila mwaka, vijana wetu wanapomaliza masomo ya sekondari, swali moja hurudi katika kila nyumba: mtoto asomee nini? Wazazi hutaja udaktari, sheria, pengine uchungaji. Ni wachache wanaotaja kazi ya yule anayepiga picha za mionzi hospitalini, picha ambazo kwetu watu huziita radio. Lakini mpasuaji asiye na picha hiyo ni kama mtu anayetafuta sindano gizani, na sisi wa mashariki, tulioona watu wengi wakipigwa risasi, tunajua maana ya jambo hilo. Kwa hiyo leo tunawaletea maisha ya Marie Curie, ambaye wakati wa vita aliifanya kazi hii kwa mikono yake na kuwafundisha wengine.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw, katika nchi ya Polandi, akaitwa Maria Skłodowska. Wakati ule mji huo ulikuwa chini ya utawala wa Urusi. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake vilevile. Mama alikufa kwa kifua kikuu Maria akiwa na umri wa miaka 10. Chuo kikuu cha Warsaw hakikuwapokea wanawake, basi Maria na dada yake Bronisława wakafanya agano: Maria abaki na kufanya kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za watu, amtumie dada yake fedha za kusomea udaktari huko Paris, kisha dada naye amsaidie. Miaka kadhaa ilipita hivyo. Mwaka 1891 ndipo Maria mwenyewe alipofika Paris. Agano la namna hii si geni kwetu. Ni jamaa ngapi ambamo mtoto mmoja amebaki shambani au sokoni ili mwingine alipiwe minervali?

Huko Paris alisoma fizikia na hesabu kwa bidii kubwa. Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie, mwanasayansi Mfaransa. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua mionzi ya X, ambayo hupita katika nyama ya mwili na kuonyesha mifupa. Mwaka 1898 Marie na Pierre waligundua vitu viwili vipya, poloniamu na radiamu. Walifanya kazi katika banda bovu, wakichemsha na kukoroga mawe kwa wingi ili wapate chembe tu. Hawakujiandikishia haki ya kuiuza njia yao. Waliiacha wazi kwa watu wote. Mwaka 1903 walipata tuzo ya Nobel pamoja na Henri Becquerel. Mwaka 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi akafa, na Marie akabaki mjane mwenye watoto wawili wa kike, Irène na Ève. Hakuacha kazi. Mwaka 1911 alipewa tuzo ya Nobel mara ya pili.

Vita vikuu vilipoanza mwaka 1914, majeruhi walijaa hospitalini wakiwa na risasi na vipande vya mabomu mwilini. Mashine za mionzi zilikuwapo katika miji mikubwa, lakini karibu na mapigano zilikuwa haba sana. Marie aliona kwamba kama mgonjwa hawezi kufika kwenye mashine, mashine sharti imfuate mgonjwa. Aliomba fedha na magari kwa watu wenye uwezo, akaweka ndani ya gari mashine ya mionzi, meza ya kumlaza mgonjwa, mapazia ya kutia giza, na dainamo iliyozungushwa na injini ya gari ili itoe umeme. Akajifunza habari za viungo vya mwili, akajifunza kuendesha gari na kulitengeneza likiharibika. Safari za mbele alikwenda na binti yake Irène, aliyekuwa na miaka 17 tu.

Kazi yao ilikuwa hii. Majeruhi analazwa, mionzi inapitishwa, na chuma kilichojificha kinaonekana kama kivuli cheusi. Lakini picha moja haionyeshi kina. Kwa hiyo walimtazama mgonjwa kutoka pande tofauti, kisha wakapiga hesabu kujua chuma kiko ndani kiasi gani. Hapo mpasuaji alijua mahali pa kukata, na mgonjwa akaepushwa na kuchokorwa ovyo.

Magari hayo yalifikia 20 hivi, na vyumba vya mionzi vilivyofunguliwa katika hospitali vilifika 200. Ndipo shida nyingine ikaonekana: mashine zipo, watu wa kuziendesha hawapo. Mwaka 1916 Marie alianza kuwafundisha wanawake kazi hiyo mjini Paris, katika hospitali iliyopewa jina la Edith Cavell, yule muuguzi Mwingereza, binti wa mchungaji, aliyepigwa risasi mjini Brussels mwaka 1915 kwa sababu aliwasaidia askari kutoroka. Wanafunzi hawakuwa wa namna moja: wengine walikuwa na elimu kubwa, wengine ndogo. Walifundishwa umeme, mionzi, viungo vya mwili, na kazi yenyewe kwa vitendo. Mpaka vita vinakwisha, wanawake wapatao 150 walikuwa wamefundishwa, na majeruhi zaidi ya milioni 1 walikuwa wamepimwa kwa mashine hizo.

Baada ya vita, historia hii iligusa pia nchi yetu. Miaka ya 1920 mawe ya uraniamu ya Shinkolobwe, katika Katanga, yalipelekwa Ubelgiji kutolewa radiamu, na kwa muda Kongo ikawa chanzo kikubwa cha radiamu duniani. Radiamu ilitumiwa kutibu saratani. Mikono ya baba zetu iliyochimba mawe hayo haikupewa tuzo yoyote, lakini imo ndani ya habari hii.

Marie alikufa tarehe 4 Julai 1934, akiwa na miaka 66, kwa ugonjwa wa damu ulioletwa na mionzi. Binti yake Irène naye alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1956. Siku zile kinga ilikuwa ndogo. Leo anayefanya kazi hii husimama nyuma ya ukuta wa kinga, huvaa vazi la madini ya risasi, na hubeba kifuani kipimo kinachohesabu mionzi aliyopata. Kijana anayechagua kazi hii asiogope, lakini asidharau hata kanuni moja. Na sisi tunaosimamia hospitali za kanisa, tusimwagize mtu kuendesha mashine pasipo kinga. Huko ni kumtoa sadaka mtoto wa mwenzetu.

Ni haki tuseme wazi: Marie Curie hakuwa mtu wa kanisa, imani ya utoto wake aliiacha akiwa bado kijana. Hata hivyo tunaamini kwamba kila kipawa chema hutoka kwa Mungu. Katika kitabu cha Kutoka, Bwana alimjaza Besaleli ustadi wa mikono kwa ajili ya hema yake. Ustadi wa kuona mfupa uliovunjika ndani ya mguu wa mtoto ni wa namna hiyo pia, na ni huduma kamili.

Wazazi, binti yenu akipenda fizikia na hesabu, msimwambie kwamba hayo ni ya wavulana. Wachungaji, mnapowaombea vijana wanaochagua masomo, itajeni kazi hii pamoja na nyingine. Nanyi vijana, mkisikia moyoni mnaitwa kuwahudumia wagonjwa, jueni kwamba hata katika chumba kile chenye giza kuna nafasi ya mtumishi mwaminifu.

Bwana awaongoze katika uchaguzi wenu. Amina.