Lavoisier na Mizani Yake

Jembe jipya hung'aa. Likiachwa nje siku nyingi wakati wa mvua, hushikwa na kutu nyekundu. Makaa yakiwaka jikoni huisha, yakabaki majivu kidogo. Mtu naye asipovuta pumzi hufa upesi. Mambo hayo matatu huonekana kuwa mbalimbali, lakini asili yake ni moja. Aliyeionyesha kwa mizani ni Mfaransa mmoja, jina lake Antoine Lavoisier.

Lavoisier alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali. Mama yake alikufa mtoto akiwa na miaka mitano, ndipo Constance, ndugu wa kike wa mama yake, alipomlea kwa upendo. Kijana alijifunza sheria kama baba yake, lakini moyo wake ulivutwa na mawe, maji, moto na hewa. Mwaka 1768, akiwa hajatimiza miaka 25, alipokewa katika Akademi ya Sayansi ya Paris.

Mwaka uleule alinunua sehemu katika kampuni iliyomkusanyia mfalme kodi. Kodi hizo ziliwalemea maskini, na wakusanyaji wake walichukiwa mno. Lavoisier alipata faida kubwa, akaitumia kununua vyombo bora vya kazi yake. Lakini fedha hizo ndizo zilizomletea msiba baadaye.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mkubwa mmoja wa kampuni hiyo. Marie-Anne alijifunza Kiingereza ili amfasirie mume wake maandiko ya wataalamu wa Uingereza. Alichora picha za vyombo na kuandika hesabu za kazi. Lavoisier alifanya kazi katika chumba chake cha vyombo tangu saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Mchana alikwenda kwenye shughuli za kodi. Kisha alirudi kwa vyombo vyake tangu saa 1 hadi saa 4 usiku.

Siku zile wataalamu wengi waliamini kwamba katika kila kitu kiwakacho mna asili ya moto, nayo hutoka nje kitu kinapoungua. Lavoisier alitaka kuyahakikisha maneno hayo kwa mizani. Mwaka 1772 aliunguza fosforasi na kiberiti, akaona uzito umezidi. Basi, ikiwa kitu fulani kimetoka, mbona uzito umeongezeka?

Mwaka 1774 alitia kipande cha bati ndani ya chupa, akaiziba kabisa, akaipima. Kisha akaipasha moto mkali. Juu ya bati pakatokea unga, kama kutu. Alipoipima chupa kabla ya kuifungua, uzito wake ulikuwa uleule. Alipoifungua, hewa iliingia kwa nguvu, na hapo uzito ukaongezeka. Lavoisier akafahamu kwamba bati limekula sehemu ya hewa iliyokuwa chupani, na hewa ya nje imeingia kujaza nafasi iliyo tupu.

Lakini ni sehemu gani ya hewa? Mwaka huohuo mchungaji mmoja Mwingereza, Joseph Priestley, alikuja Paris. Alikuwa amepata hewa ngeni kwa kupasha moto unga mwekundu wa zebaki. Ndani ya hewa hiyo mshumaa uliwaka kwa nguvu ya ajabu. Priestley alimweleza Lavoisier habari hizo walipokuwa wakila pamoja. Baadaye Lavoisier hakumshukuru mbele ya watu kama ilivyompasa, na hilo lilikuwa kosa lake. Lakini Priestley hakufahamu vema maana ya kitu alichokipata. Lavoisier ndiye aliyeifahamu.

Zebaki ni madini ya majimaji, yenye rangi ya fedha. Wachimbaji wengine wa Ituri huitumia kukusanya dhahabu. Mvuke wake ni sumu kali, na mtoto asiichezee kamwe. Lavoisier aliichemsha zebaki muda wa siku 12 ndani ya chombo chenye sehemu 50 za hewa. Juu ya zebaki pakatokea vichembe vyekundu, na hewa ikapungua, zikabaki sehemu 42 au 43. Katika hewa iliyobaki mshumaa ulizimika mara moja.

Kisha alivikusanya vile vichembe vyekundu, akavipasha moto mkali zaidi. Zebaki ikarudi, iking'aa kama mwanzo. Pamoja nayo ikatoka hewa, sehemu 7 au 8, na ndani yake mshumaa uliwaka sana. Alipoichanganya na ile iliyobaki, alipata tena hewa ya kawaida. Kilichopotea upande mmoja kilionekana upande wa pili. Hewa hiyo iwashayo moto aliipa jina la oksijeni.

Kitu kikiungana na oksijeni, husemwa kimeoksidishwa. Ndivyo yanavyopatwa makaa yanapowaka. Ndivyo linavyopatwa jembe pia, lakini polepole, tena kwa msaada wa maji. Kwa hiyo jembe lililokaushwa na kupakwa mafuta halipati kutu upesi. Dhahabu ya Kilo haiungani na oksijeni kwa urahisi, nayo hukaa iking'aa hata ikizikwa udongoni miaka mingi.

Kitu kikiondolewa oksijeni yake, husemwa kimepunguzwa, na kweli uzito wake hupungua. Wahunzi wa kale wa Afrika walifanya kazi hiyo zamani sana kabla ya Lavoisier. Ng'ambo ya Ziwa Albert, katika nchi ya Bunyoro, walitia mawe yenye chuma pamoja na makaa katika tanuru, wakavuvia kwa mivuo. Katika mawe hayo chuma kimefungwa na oksijeni, kama ilivyo katika kutu. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya moto inayomnyang'anya chuma oksijeni hiyo. Mawe yakapata kuwa chuma, na makaa yakawa hewa. Basi mambo hayo mawili huenda pamoja: mmoja akipunguzwa, mwingine huoksidishwa.

Leo wataalamu wameyapanua maneno hayo. Huyatumia hata mahali pasipo na oksijeni, ikiwa chembe ndogo mno ziitwazo elektroni zinatoka katika kitu kimoja na kuingia katika kingine. Ndivyo inavyotokea ndani ya betri ya tochi.

Lavoisier alichunguza na pumzi pia. Pamoja na rafiki yake Laplace alimweka simbilisi, mnyama mdogo afugwaye kama sungura, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Walipima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake. Wakaona kwamba kupumua ni namna ya kuwaka polepole, bila ndimi za moto. Chakula hutumika mwilini kwa oksijeni, nasi hupata joto na nguvu.

Mwaka 1789 alitoa kitabu kikubwa cha kemia. Katika kitabu hicho alifundisha kwamba vitu vikibadilika, uzito wote wa mwanzo ni sawa na uzito wote wa mwisho. Mwaka uleule Wafaransa waliasi utawala wa mfalme wao. Hasira ya watu ikawaangukia wakusanyaji wa kodi. Lavoisier alifungwa gerezani mwezi wa Novemba 1793. Tarehe 8 Mei 1794 alihukumiwa pamoja na wenzake 27, na siku ileile wote wakakatwa kichwa. Mkwewe, baba yake Marie-Anne, alikuwa mmoja wao. Lavoisier alikuwa na miaka 50.

Marie-Anne alibaki peke yake, mali yake ikachukuliwa. Baadaye alirudishiwa vitu vyake, akakusanya maandiko ya mume wake na kuyachapisha. Alikufa mwaka 1836.

Lavoisier hakuwa wa kwanza kuiona kutu, wala wa kwanza kuipata oksijeni. Lakini hakuridhika na neno kwa sababu tu wakubwa wote hulisema. Alipima kabla ya kuanza, akapima tena baada ya kumaliza, akaiamini mizani.

Maswali

1. Kwa nini uzito wa chupa ya bati haukubadilika ilipokuwa imezibwa?
2. Zebaki ilioksidishwa lini, na ilipunguzwa lini?
3. Ndani ya tanuru la mhunzi, ni kitu gani hupunguzwa, na kipi huoksidishwa?
4. Marie-Anne alisaidiaje kazi ya mume wake?
5. Utafanya nini ili jembe la nyumbani lisipate kutu?